Hatari ya reli ya mezani iko ukingoni

KUNA watu ambao wakisikia kwamba mtu mzima na mvi zake anaunda reli ya garimoshi juu ya meza, hucheka hadi wakashika mbavu. Siwalaumu. Wengi wetu tulikua tukisukuma magari ya waya yenye magurudumu ya kandambili kuukuu, na habari ya kichwa cha garimoshi kinachotoshea kiganjani, tena kinachouzwa kwa bei ya mbuzi, husikika kama kejeli. Lakini mchezo huu upo na una wenyewe. Hata humu Nairobi wapo wachache wanaoupenda, na ukimuuliza yeyote kati yao ni kitu gani kinachomnyima usingizi, hatakutajia umeme wala rangi. Atakuonyesha ukingo wa meza.

Niwaeleze kidogo wasioujua. Reli yetu ni ya kipimo cha Kiingereza kiitwacho OO, ambamo kila kitu ni sehemu moja ya 76 ya kitu chenyewe. Behewa lenye kimo cha karibu mita nne huwa na kimo cha sentimita tano hivi. Nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Hapo ndipo pana kichekesho, kwa sababu ukizidisha hizo mara 76 utapata milimita 1,254, ambazo si upana wa reli yetu ya zamani ya milimita 1,000, wala si wa SGR na wa Uingereza wenyewe, ambao ni milimita 1,435. Kisa ni kwamba Waingereza walichukua reli za kipimo kidogo cha Ulaya kisha wakaunda juu yake mabehewa makubwa kidogo, ili mota za enzi hizo zipate pa kukaa. Matokeo yake ni kwamba behewa la OO limesimama kama mtu mnene aliyebana miguu. Likiyumba, huyumba kwelikweli.

Vyombo vyenyewe tuliletewa na mpwa wangu anayefanya kazi Manchester. Ni mitumba yote: vichwa viwili, mabehewa saba, na katoni ya vipande vya reli. Hakuniletea mimi. Alimletea Baba.

Baba alikuwa mnyapara wa gangi la reli. Aliingia kazini 1963, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akastaafu 1996. Miaka mingi ya ujana wake aliitumia kwenye mteremko wa Bonde la Ufa, upande wa Kijabe, ambako ukichungulia dirishani unaona vilele vya miti chini yako. Kazi yake ilikuwa kutembea juu ya mataruma kwa miguu, nyundo mkononi, akitazama misumari iliyolegea na viungo vilivyoachana. Leo ana miaka 84 na anaishi nasi. Presha ya macho imemla jicho la kushoto lote, na la kulia limebakisha kitundu cha katikati tu, kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo. Kitu kikiwa mbali na uso wake, hakipo.

Sasa msomaji utaona taabu ilikotoka. Baba alitaka reli ipite ukingoni kabisa mwa meza, mahali ambapo ataiinamia, aione kwa kile kitundu chake na kuigusa kwa vidole. Kwa upande mwingine, tuna kitinda mimba wa miaka mitano ambaye akisimama wima kidevu chake kinagusa ubao, na mikono yake haijawahi kutulia tangu azaliwe. Sakafu yetu ni ya saruji. Meza ina kimo cha sentimita 90.

Nilipiga hesabu ya kimo hicho. Kitu kikiponyoka kutoka sentimita 90 hufika chini kabla nusu sekunde haijaisha. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukidaka, hata wa golikipa. Nilishuhudia jambo hilo nyumbani kwa rafiki mmoja aliyetandika reli yake sentimita mbili kutoka ukingoni ili chumba kionekane kikubwa. Kichwa kiliacha reli kwenye kona, kikalala ubavu, na kabla hajamaliza kusema "hee" kilikuwa sakafuni. Bamba la plastiki lilipasuka, ndoano ya kuungia mabehewa ikaruka chini ya kochi, na fremu ya madini ikafanya ufa. Tena hasara haikuishia kwa kile kilichoonekana. Magurudumu yalisukumika kwenye ekseli zake. Katika kipimo cha OO, nafasi ya ndani kati ya gurudumu na mwenzake ni karibu milimita 14 na nusu, na ikipotoka hata kidogo gurudumu hupanda reli kila linapofika kwenye pointi, yaani pale njia inapogawanyika. Kichwa kilichoanguka mara moja, kisipopimwa upya, kitaanguka tena.

Kwa hivyo kabla ya kupiga msumari wowote, tulikaa na rula.

Mbao zetu ni plaiwudi moja nzima, futi nane kwa nne, yaani milimita 2,440 kwa 1,220. Kona za reli za dukani huja kwa vipimo vinne. Nusu kipenyo cha kwanza ni milimita 371, cha pili 438, cha tatu 505 na cha nne 571.5. Kila mpenzi wa mchezo huu hukitamani hicho cha nne, kwa kuwa kona pana hupendeza na mabehewa marefu hupita bila kujikunja. Lakini tazama hesabu. Kona ya nne ikizunguka nusu duara hula milimita 1,143 za ule upana wa 1,220. Zinabaki 77, ambazo ukizigawa kwa pande mbili unapata 38 kutoka katikati ya njia hadi ukingoni.

Je, milimita 38 zinatosha? Baba alijibu swali hilo bila rula. Alichukua behewa, akalisimamisha kwenye kipande cha reli, kisha akalilaza ubavu taratibu. "Haya, pima lilipoishia," akasema. Paa la behewa lilifika karibu milimita 60 kutoka katikati ya njia. Kwa maneno mengine, behewa linalolala kwenye kona ya nne linalala nusu hewani, na lililo nusu hewani halikai huko muda mrefu. Kwenye kona ya tatu inabaki nafasi ya milimita 105, na behewa likilala linabaki kitandani mwake na sentimita nne na nusu za ziada.

Hiki ndicho kipimo ambacho ningependa kila anayeanza akishike, wala si lazima anunue kitabu. Laza behewa lako refu kuliko yote kimo, upande wa nje, uone linaishia wapi. Ukingo uwe mbele ya hapo. Anayetumia vipimo vidogo kama N, ambavyo ni sehemu moja ya 160, atahitaji nafasi ndogo zaidi. Anayetumia vikubwa, nafasi kubwa. Behewa lenyewe ndilo rula.

Tukaamua: kona ya tatu njia ya nje, kona ya pili njia ya ndani. Uzuri ulipungua kidogo, na mabehewa marefu kwenye kona hutokeza ncha zake nje kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Ncha hizo pia ni za kuzingatia, maana behewa refu likiwa kwenye kona, ncha zake huenda nje na kiuno chake huenda ndani. Ukiweka nguzo, mti au ukuta karibu mno, utagongwa na kitu ambacho kwenye reli iliyonyooka hakiugusi.

Hata hivyo, Baba hakutaka tuishie kwenye ukingo. "Garimoshi halianguki kwa sababu ya bonde," aliniambia. "Linaanguka kwa sababu ya reli mbovu. Bonde kazi yake ni kulimaliza tu." Basi tukaanza kukagua njia kama gangi. Yeye hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila kiungo, na ukucha ulipokwama hata kwa unywele, alisema "hapa", nami nikachukua tupa ndogo. Viungo tisa alivikataa. Vitatu kati ya hivyo mimi, mwenye macho mawili, nilikuwa nimeviangalia na kuviona safi.

Kisha alitaka kona ya nje iinuliwe upande wa nje, kama reli halisi inavyofanywa ili garimoshi liegemee ndani linapopinda. Tulikata vipande vya kadibodi vya unene wa milimita moja tukavisokomeza chini ya ncha za mataruma, kuanzia kidogo kidogo mwanzoni mwa kona hadi unene wote katikati. Ukiinua ghafla utakuwa umetengeneza mtego. Wapo wanaosema jambo hili ni urembo tu katika reli ndogo. Labda. Lakini kama behewa litalala, afadhali liwe tayari limeinama kuelekea ndani.

Sheria ya tatu ilikuwa ya mwendo. Garimoshi likikimbizwa sana kwenye kona hupinduka kwenda nje. Likiwa refu na zito huku likivutwa kwa nguvu, mabehewa ya katikati huvutwa ndani kama kamba inayokazwa. Na likisukumwa kinyumenyume, mabehewa hubanana, yakatafuta pa kutokea, na aghalabu hutokea nje. Kwa hivyo nyumbani kwetu ni marufuku kusukuma mabehewa kinyumenyume kwenye kona ya nje. Kitinda mimba anaijua sheria hiyo kuliko anavyojua hesabu ya kujumlisha, na humripoti kaka yake kila anapoivunja.

Bado Baba alikuwa hajapata reli yake ya kugusa. Kusema kweli, hili ndilo lililonikosesha raha. Tulikuwa tumelinda vyombo vyote kutokana na ukingo, na mwenye vyombo amebaki hatua moja nyuma ya kitu asichokiona. Njia ya nje ilikuwa milimita 105 ndani, na kwa macho yake hizo zilikuwa kama safari ya kwenda Naivasha. Alisema tu, "Haidhuru, nitakuwa nasikiliza." Mke wangu alikuwa mlangoni akisikia yote. Jioni hiyo akaniambia, "Baba Watoto, hilo garimoshi lilikuja la nani?"

Suluhisho tulilipata katika zile milimita tulizozikataa. Nafasi ya kawaida kati ya njia mbili zinazokwenda sambamba katika reli hizi ni milimita 67. Ukitoa 67 katika 105 unabaki na 38, nafasi ile ile iliyokuwa hatari kwenye kona. Lakini upande wa mbele wa meza hauna kona. Ni mnyooko mtupu. Tukaweka hapo kijia cha pembeni cha karibu mita moja, mahali pa kuegesha. Mahali ambapo garimoshi linalokimbia lingekuwa linacheza na kifo, garimoshi linalotambaa na kusimama liko salama, mradi lizuiwe.

Jinsi kijia hicho kinavyoungana na njia kubwa ni jambo la kufikiriwa. Pointi tuliigeuza kwa namna ambayo magarimoshi yanayozunguka hayaikabili kwa ncha zake, bali yanaipita kwa nyuma. Ukitaka kuingia kijiani, sharti usimame kwanza, kisha urudi nyuma polepole kwenye mnyooko. Hivyo, hata mtoto akichezea pointi, garimoshi lililo kasini haliwezi kugeukia ukingoni. Baba aliniambia reli halisi nazo huogopa pointi zinazokabiliwa kwa ncha, na pale zinapokuwapo huwekewa makufuli. Sisi hatuna kufuli, basi tumeikwepa kabisa.

Mwisho wa kijia tuliweka kizuizi cha mbao kilichopigwa skrubu hadi kwenye fremu. Vizuizi vya plastiki vya dukani hupendeza, lakini huchomekwa tu, na kichwa kizito huvibeba na kuendelea navyo. Kijia chochote kinachoelekea ukingoni kwa ncha yake ni hatari kuliko kinachoambaa nao, kwani hapo garimoshi halihitaji hata kuacha reli ili lianguke.

Kisha ukafuata ukuta. Kwa mafundi wa mabango katikati ya jiji unaweza kupata mabaki ya plastiki ngumu inayopenya mwanga, ya unene wa milimita tatu, kwa bei ya kuelewana. Ukuta wetu una kimo cha sentimita saba juu ya ubao. Ukiwa mfupi kuliko nusu ya behewa, behewa hujipindua juu yake kama mwizi anayeruka ua. Ukiwa mrefu mno, mkono haufiki ndani, na watu huanza kuinama juu yake na kuubomoa. Plastiki hiyo huikati kwa msumeno ovyo. Unaikwaruza kwa kisu na rula mara kadhaa kisha unaivunja kwenye ukingo wa meza. Matundu ya skrubu yawe mapana kidogo kuliko skrubu zenyewe na usizikaze kama nati za lori, ama sivyo itapasuka. Pembe zote tulizilainisha kwa msasa, maana ziko sawa na macho ya mtoto.

Mbele ya kijia cha Baba hatukuweka plastiki. Tuliweka ubao laini wa mviringo, kama mpini wa jembe, ukiwa umesogezwa nje ya meza kwa sentimita sita na kuinuliwa kidogo. Nyuma yake kuna ubao mwembamba wa kuzuia, wa kimo cha sentimita nne tu. Baba huegemeza viganja kwenye mpini badala ya reli, uso wake ukawa juu kabisa ya kijia, na vidole vyake vinaweza kushuka kugusa paa la behewa bila kiwiko kufagia chochote. Viwiko, msomaji, vimeangusha magarimoshi mengi kuliko kasi. Viwiko na mikono mipana ya sweta.

Swali la ukuta wa chumba nalo halina budi kuguswa. Wengi husukuma meza hadi ukutani wakidhani wamepunguza kingo za kulinda. Mkono wa mtu mzima hufika vizuri sentimita 60 hadi 75. Ubao wa sentimita 122 ukisukumwa ukutani, behewa likilala upande wa mbali utalifuata kwa tumbo, na tumbo hilo ndilo litakalosukuma garimoshi la mbele hadi sakafuni. Sisi tuliacha njia ya sentimita 60 upande wa nyuma. Mke wangu alilalamika kwamba chumba sasa kina meza na ushoroba tu, na alikuwa sahihi.

Rafiki yangu mmoja aliyeko Thika hana meza. Amezungusha reli yake kwenye rafu kuta zote nne, na mlangoni kuna daraja la kuinuliwa. Huko ukingo umegeuka shimo katikati ya njia. Alichofanya ni kukata umeme wa reli karibu mita moja kila upande wa mlango, na kuupitisha kwenye swichi inayobanwa na daraja lenyewe likilala. Daraja likiinuliwa, mita hizo mbili hufa. Aliijaribu kwanza kwa kichwa chake kizito kuliko vyote, kwa sababu baadhi ya vichwa vina gurudumu zito kwenye mota na huendelea kuteleza hata baada ya umeme kukatika. Kipande kilichokufa lazima kiwe kirefu kuliko mtelezo huo.

Chini ya meza tumetandika zulia kuukuu, likitokeza nje nusu mita kila upande. Halizuii kitu, lakini saruji na zulia si mamoja.

Siku hizi, Jumapili baada ya chakula cha mchana, mjukuu huendesha na Baba hupokea. Garimoshi huzunguka njia kubwa mara mbili, husimama, hurudi nyuma likitambaa na kuingia kijiani. Baba huinama juu ya mpini wake, akaweka kidole kwenye kila behewa na kusikiliza viungo. Juzi alikataa kimoja zaidi, karibu na pointi. Jioni tunarudisha kila kitu katika maboksi. Kuhesabu mabehewa ni kazi ya Baba, kwa vidole, na yakiwa sita badala ya saba hakuna anayekwenda kulala.